Pudini Iliyotoka Kitabuni

Siku ya kuniaga nilipewa dakika mbili za kusema, na moja kati ya hizo ilikwisha nikimwonyesha mwenzenu kwamba keki haikatwi kwa kisu cha nyama. Kwa hiyo sikusema lolote la maana. Ninyi mliobaki jikoni mmeniomba mara kadhaa niandike, na sasa niko nyumbani Elerai, magoti yananiuma na muda ninao. Basi naandika.

Vyeo nitaviruka. Vilikuja kama mvua ya Kisongo, kwa kuchelewa, tena vikapita upande mmoja wa barabara. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya tanuri, juu ya mzee aliyenifundisha kuliwasha, na juu ya pudini moja ambayo nusura initoe kazini na kuwatawanya wadogo zangu.

Shule niliiacha darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikabaki na wadogo watatu: Ndeshi, aliyekuwa ameanza kusoma, Elia, aliyekuwa ameanza kusema, na Nai, aliyekuwa bado mgongoni. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa ndani kwa bibi, wakanywa chai, wakaanza kugawa. Ndeshi aende kwa shangazi. Elia na Nai waende King'ori kwa baba mdogo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Nikasema hawagawanywi, nitawalea mimi. Sijui sauti ile niliipata wapi.

Baba mdogo alikuwa mtu mrefu, asiye na haraka. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Sawa, Elifuraha," akasema. "Walee. Lakini siku utakapokosa paa nitakuja kuwachukua, na hatutabishana." Nikakubali. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, na hilo lilinitisha zaidi.

Tulipanga chumba Sakina, ukuta mmoja na gereji, kiasi kwamba Nai alijifunza kulala kwa nyundo na akawa analia mafundi wakipumzika. Kazi niliipata mjini, katika hoteli iliyokuwa ya shirika la umma. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha trei za mikate.

Mwokaji alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Tanga aliyekuja Arusha ujanani na kukulia kazini humo humo. Wiki mbili za mwanzo hakunisemesha zaidi ya kuitikia shikamoo. Wiki ya tatu aliokota trei niliyoiosha, akapitisha kidole kwenye pembe, akaona nimezichokoa kwa kijiti. Akamwambia mpishi wa nyama, ambaye hakuwa ameuliza kitu, "Mtu anayesafisha pembe anaweza kufundishwa." Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Sijafanya mwingine tangu hapo.

Tanuri letu lilikuwa la matofali, la kuni, na halikuwa na kipimo cha joto. Mzee Hamisi alitupa unga kidogo sakafuni mwake na kuhesabu kwa sauti. Ukigeuka kahawia kabla ya kumi, mikate isubiri. Ukigeuka kati ya kumi na ishirini, ingiza. Ukipita ishirini bado mweupe, "piga dua au ongeza kuni, ila kuni zinajibu upesi." Naye alikuwa mtu asiyekosa sala hata moja.

Mizani ilikuwa imekufa zamani. Tulipima kwa kopo la maziwa ya unga lililobonyea ubavuni. Makadirio yote ya jikoni yalikuwa kwa kopo hilo, pamoja na kubonyea kwake. Siku moja fundi bomba, kwa wema tu, alilinyoosha kwa nyundo. Wiki nzima mikate ilikuwa migumu na hakuna aliyejua sababu, mpaka Mzee Hamisi alipolishika kopo, akalizungusha, akalitazama kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Alilibonyeza tena kwa goti. Alijaribu mara nne ndipo likarudi mahali pake.

Ile ilikuwa miaka ya shida. Unga ulikuja siku uliyopenda wenyewe, sukari ilikuja kwa kibali, na siagi tuliijua kwa kusimuliwa. Tuliponda viazi tukachanganya na unga, tukaviita mikate, na wageni kwa adabu yao nao wakaviita hivyo. Hata hivyo Mzee Hamisi hakuruhusu kitu kitoke bila mwokaji kukionja kwanza, akiwa amesimama. "Usimpelekee mgeni kitu ambacho hujakiogopa mwenyewe," alisema.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mlio vijana hamwezi kujua ilivyokuwa kuingia dukani ukakuta hamira ya pakiti za aina tatu, ukasimama pale huchagui, unatazama tu. Vitu vilijaa, na mashirika yakaanza kuuzwa. Mzee Hamisi aliona mambo yanavyokwenda, akastaafu, akarudi Tanga. Aliniachia kopo na tanuri. Kwa kuwa mwokaji huamka kabla ya watu wote, aliniachia pia chumba cha mwokaji, kilichokuwa nyuma ya hoteli karibu na ghala la kuni. Nikawahamisha wadogo zangu kutoka Sakina. Baba mdogo alikuja kukiona. Alizunguka chumba, akagonga mabati kwa fimbo yake, akasema paa ni zuri, akaondoka.

Hoteli ilinunuliwa na Bwana Mosha, Mchaga aliyekuwa akiuza vipuri vya magari. Alikuwa Mlutheri, mwenye sauti ya besi ya kwaya, na jiko aliliendesha kama duka la vipuri. Kila kitu kilitakiwa kuwa na namba. Miiko ilipewa namba. Aliposhika lile kopo akauliza ni la namba gani, nilimwambia ni la Hamisi, akaandika Hamisi.

Siku iliyofuata akaniuliza cheti changu cha uokaji kiko wapi. Nikamwambia wageni wamekila chote. Hakucheka. Alinieleza, bila ubaya wowote, kwamba amezungumza na mwokaji wa Nairobi mwenye cheti cha ng'ambo. Mtu huyo angekuja mwisho wa mwezi kushika tanuri, na chumba kingekuwa chake. Mimi ningerudi kwenye trei, na kuhusu mahali pa kulala ningejua mwenyewe.

Habari kutoka mjini hadi King'ori haihitaji gari. Kabla wiki haijaisha mama mmoja anayetuletea maziwa aliniletea na salamu za baba mdogo. Salamu zenyewe zilikuwa neno moja: nimesikia.

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Mosha nikamwomba anipe kazi ngumu kuliko zote alizonazo, aone. Alikuwa na barua mezani, nadhani alikuwa hajui aifanyie nini. Ilitoka kwa mwalimu mstaafu wa Uingereza, mama aliyekuwa akija na wenzake kumi na wawili kutazama wanyama. Walikuwa kikundi cha kusoma vitabu. Desturi yao ilikuwa kwamba kila safari wanasoma riwaya moja ya zamani, na siku ya mwisho wanakula chakula kilichomo ndani ya riwaya hiyo. Safari hii walitaka pudini ya matunda. Mwalimu alikuwa ametuma na kitabu kwa posta, kinene kama tofali, bila karatasi yoyote ya maelezo.

Bwana Mosha akanikabidhi. "Imo humo ndani," akasema. "Itafute, uipike. Ukiiweza, habari ya yule wa Nairobi tutaiongea. Ukishindwa, usinipe lawama."

Kiingereza changu kilikuwa kinafika kwenye salamu na kugeuka. Lakini Ndeshi alikuwa kidato cha tatu, yuko likizo. Kila siku saa tisa alasiri, vyombo vya mchana vikiisha kuoshwa, alikaa juu ya kreti la soda akasoma na kututafsiria. Nasema kututafsiria kwa sababu siku ya kwanza nilikuwa peke yangu na siku ya tatu lilikuwepo jiko zima.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya binti mmoja aliyeishi shambani na mama yake mjane na kaka yake. Kuna tajiri mwenye kinu cha kusaga nafaka alitaka kumwoa, naye akawa hamtaki, wala hasemi kwa nini. Saidi, mpishi wa nyama, mtu wa Kondoa, alikasirika kana kwamba ameposa yeye.

"Ana kinu, ana ng'ombe, na pombe hanywi," akasema. "Anataka nini tena huyu?"

"Wewe Saidi, kwani anaolewa na kinu?" akamjibu Mama Nanyaro, aliyekuwa akipika chakula cha wafanyakazi. Yeye alikuwa Mmeru mwenzangu, mtu mzima, na tangu sura ya pili alikuwa na uhakika kwamba tatizo ni mama mkwe, ingawa mama mkwe alikuwa hajatajwa.

Siku hiyo vitunguu viliungua. Bwana Mosha alifuata moshi, akatukuta wote tumekaa, akauliza kunani. Nikamwambia tunatafuta pudini. Alisimama mlangoni kusikiliza kidogo ili atufukuze vizuri, kisha akauliza yule mwenye kinu kwa nini hanunui cha pili. Tangu siku hiyo, saa tisa ikifika, alikuwa na jambo la kukagua jikoni.

Pudini ilichelewa sana. Tulipita kwenye mavuno, mafuriko, na mazishi mawili, watu hawali kitu isipokuwa chai. Nilianza kuwaza kwamba Mwalimu amekosea kitabu. Ikatokea katika sura ya ishirini na moja. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya kaka wa yule binti kupanda meli kwenda asikorudi mtu. Binti alichuma matunda yenye rangi ya zambarau ya mti uliokuwa nyuma ya zizi, akayapika na maganda yake, akayatia katika bakuli la udongo na kuyafunika kwa unga uliosukumwa. Alipokuwa akisukuma alikuwa analia, na machozi yakadondokea kwenye matunda. Pudini ilitoka tanurini juisi imepasua ukingoni. Kaka akaila yote, akakwangua bakuli, hakusema kitu.

Mama Nanyaro alijifuta kwa ncha ya kanga. Wa kwanza kusema alikuwa Saidi. "Machozi ndani ya chakula," akasema. "Hapa bwana afya angetufungia."

Mimi niliandika: matunda, maganda, sukari, unga, bakuli la udongo, juisi ipasue ukingoni. Machozi sikuyaandika.

Matunda yale ndiyo yalinipa kazi ya kwanza. Yalikuwa plamu, na plamu tulizozijua zilitoka Lushoto kwa msimu wake, na msimu ulikuwa umepita. Nilizunguka soko siku mbili. Embe lilikuwa tamu mno, pera lina mbegu, na fenesi sikulifikiria hata kidogo. Mwishoni nilikuta akina mama walioteremka kutoka mlimani na vikapu vya matunda damu. Yale ni mekundu, machachu, na juisi yake inatia doa nguo milele. Nikanunua kikapu kizima. Nilifanya majaribio ya kifuniko mara sita, Elia na Nai wakala makosa yote sita wakasema ni mazuri, kwa hiyo hawakunisaidia.

Siku ya wageni iliangukia mwisho wa mwezi. Walitakiwa kula mchana, kisha waende uwanja wa ndege. Asubuhi hiyo nilipotoka kuchukua kuni nilimkuta baba mdogo amekaa kwenye benchi karibu na ghala, kofia magotini. Pembeni yake alikuwa amekaa Nai, nguo zake zimefungwa katika kitenge. Elia alikuwa amesimama na begi la shule lililotuna. Walikuwa wamefunga wenyewe, bila kuambiwa. Niliwalea hivyo, wasiwape watu wazima shida, na asubuhi ile nilijuta.

Nikamwamkia. "Marahaba," akasema baba mdogo. "Endelea na kazi, mama. Mimi nasubiri tu."

Nikarudi ndani. Nilikata matunda nikayaweka sufuriani na maganda yake, kama kitabu kilivyosema. Sasa, anayelijua tunda damu anajua kwamba ganda lake halipikiki. Nilichemsha, nikachemsha, nyama ya tunda ikalainika na ganda likabaki kama ngozi ya ngoma. Saa zilikuwa zinakwenda. Nilisema kwa sauti, bila kumsemesha mtu, kwamba maganda haya yamekataa kuiva, kisha nikatoka kwenda kusukuma makaa ya tanuri.

Mama Nanyaro alinisikia. Maisha yake yote alikuwa amepika makande, na mahindi na maharage yakikataa kuiva dawa yake ni moja, nayo alikuwa nayo mfukoni mwa aproni. Alivunja kipande cha magadi, akakitupia kwenye sufuria yangu, akarudi kwenye kazi yake bila kutaka hata shukrani.

Niliporudi sufuria ilikuwa inatoa povu kama beseni la kufulia. Povu lilipanda, likamwagika, likazima upande mmoja wa jiko. Lilipotulia nikachungulia. Matunda yangu mekundu yalikuwa na rangi ya wino wa shule, buluu iliyochanganyika na kijani. Nikaonja, nikiwa nimesimama. Ilikuwa sabuni.

Mama Nanyaro akaja akachungulia naye. "Lakini maganda yamelainika," akasema.

Ilikuwa kweli. Sijawahi kuona maganda laini namna ile. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko, jambo ambalo sijalifanya kabla wala baadaye. Matunda mengine hayakuwepo. Kupitia mlangoni niliiona fimbo ya baba mdogo imeegemezwa ukutani. Saidi, ambaye siku zote ana la kusema, alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

Ndeshi ndiye aliyechovya kidole. Akakitazama kidole kile kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama mtu asiye na haraka, na kwa mara ya kwanza nikaona amefanana na baba mdogo. "Dada," akasema, "hii tumeifanya maabara kwa karatasi. Magadi ni besi. Ukitia asidi, rangi inarudi."

"Asidi tutaitoa wapi? Kwenye betri za Bwana Mosha?"

"Kwenye ndimu, dada."

Ndimu zilikuwepo, za samaki. Saidi alizitoa zote akazikata kwa kasi ambayo sijamwona nayo kwenye nyama. Tukakamua. Sufuria ikatoa povu tena, safari hii tukiwa tayari na bakuli kubwa. Rangi ikaanza kugeuka pembeni, kisha katikati: kijani ikawa zambarau, zambarau ikawa nyekundu iliyokolea. Mama Nanyaro alisema Bwana asifiwe. Ndeshi alisema ni kemia. Niliwaacha wabishane.

Ladha ya sabuni ilikuwa imekwisha. Uchachu ulirudi. Nikatia sukari, nikaonja, nikatia tena. Ilikuwa nzuri, ila nyuma ya utamu kulikuwa na kitu cha chumvi kilichokataa kuondoka. Kadiri nilivyokifukuza kwa sukari ndivyo kilivyojionyesha. Nikasema basi. Nikajaza mabakuli, nikafunika, nikatupa unga tanurini nikahesabu hadi kumi na nne, nikaingiza.

Pudini zilitoka na juisi imepasua ukingoni. Zilipelekwa mezani pamoja na malai ya maziwa. Mimi na Ndeshi tukasimama kwenye mlango wa ukumbi.

Mwalimu alikuwa mama mwembamba, nywele nyeupe, miwani imening'inia kwa mnyororo. Alitia kijiko, akala, akakiweka kijiko chini. Wenzake nao wakaviweka chini. Bwana Mosha, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha na tai yake ya kanisani, alinitazama kwa jicho ambalo nililielewa vizuri sana. Kisha Mwalimu akavaa miwani, akala tena, akaivua, akaipangusa. Akaomba aletewe aliyeipika.

Alisema maneno mengi, na Ndeshi akanipa machache. "Anasema kabla ya kikundi hiki amekula pudini hii sehemu nyingi, kila mpishi anampa sukari tu. Wewe ni wa kwanza kukumbuka machozi. Anauliza umefanyaje." Halafu, kwa sauti ya chini, "Dada, nimwambie ulilia?"

Nilifikiri. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, na isingekuwa uongo mkubwa. Lakini chakula kilikuwa kimetoka kwenye tanuri la Mzee Hamisi. Tena niliwaza kwamba wakirudi nitatakiwa nilie kwa oda.

"Mwambie ni magadi," nikasema. "Ya kulainishia makande. Mwambie na rangi iliharibika tukairudisha kwa ndimu za samaki."

Ndeshi akaeleza. Ilichukua muda, na katikati aliniacha akamwita Mama Nanyaro, ambaye aliletwa mbele ya wageni kumi na watatu akiwa ameshika kipande chake cha magadi kama mtoto aliyekamatwa akiwa na jiwe. Mwalimu alikichukua, akakinusa, akakiramba. Kisha akacheka, akacheka hadi wenzake wakampa maji. Mezani pote watu wakapokezana kile kipande, kila mmoja anaramba. Mwalimu akatoa daftari, akamwandikisha Mama Nanyaro jina lake lote.

Bwana Mosha alinifuata koridoni. Alikuwa mfanyabiashara, kilichouzika alikijua. "Yule wa Nairobi anaweza kuitengeneza hii?" akauliza.

"Hawezi, bosi. Hana Mama Nanyaro."

Akatikisa kichwa, akapiga hatua mbili, akarudi. "Chumba baki nacho," akasema. "Yeye atalala chumba namba tisa mpaka nione."

Niseme hapa hapa habari za baadaye, ili nisizirudie. Mwokaji wa Nairobi alikuja, mtu mpole sana, akanifundisha maua ya sukari, nami nikamfundisha kuhesabu unga, na mvua za masika zilipoanza akarudi kwao. Kikundi cha Mwalimu kilileta vikundi vingine, vyote vikiitaka pudini ile ile ya machozi. Hapo ndipo nilipojua ugumu. Kukosea mara moja ni bure; kukosea vilevile kila mara kunahitaji kipimo. Nilitumia wiki tatu kutafuta kiasi cha magadi kinachotosha, na Mama Nanyaro, aliyekuwa amekitupa bila kutazama, hakuwa na msaada wowote. Mkikuta kwenye daftari la jiko nimeandika "magadi, ukucha wa kidole gumba," ni kidole gumba chake, si changu.

Lakini siku ile, nilipotoka koridoni, bado nilikuwa na mtu wa kumjibu. Nilipakua pudini iliyobaki katika kibakuli nikampelekea baba mdogo pale kwenye benchi. Nai alikuwa amesinzia, kichwa juu ya kitenge chake cha nguo. Baba mdogo alikula polepole, akamaliza, akakwangua.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na chumba?"

"Nimebaki nacho."

Kisha akakivuta kitenge taratibu kutoka chini ya kichwa cha Nai, akamwamsha, akampa. "Karudishe nguo zako zisije zikajikunja," akamwambia. Elia hakungoja kuambiwa. Begi lilikuwa limeshafika chumbani.

Baba mdogo akainuka, akavaa kofia, akachukua fimbo. Hakuondoka. Alisimama akitazama mlango wa chumba chetu, na nikaogopa kwamba lipo jambo amebakiza.

"Mama yenu mdogo ametandika kitanda cha watoto tangu juzi," akasema hatimaye. "Ameazima na blanketi. Sasa mimi nitarudi namwambiaje?"

Katika miaka yote ile sikuwahi kuwaza kwamba yupo mtu King'ori aliyekuwa akiwangoja kwa hamu. Nilimwambia likizo bado ina wiki mbili, na wiki mbili si kugawana. Aliwaza hilo jambo kwa uzito wote aliokuwa nao, kisha akakubali, na Elia akatumwa kulirudisha begi lile lile.

Wakaondoka watatu kuelekea stendi. Baba mdogo alibeba bakuli moja la pudini lililofunikwa kwa kitambaa cha hoteli, amelishika kwa mikono miwili, na fimbo amebebewa na Nai. Bakuli lilikuwa na namba ya Bwana Mosha, kumi na saba. Halijarudi mpaka leo.